Alifaulu, kwa hiyo akanyimwa

Dada yangu aliipiga picha ile barua akaitupa kwenye kundi la familia. Kabla sijamaliza kuisoma, Mama, aliyeko Tanga, alikuwa ameshatuma sauti: "Alhamdulillahi! Si niliwaambia? Mtoto mdogo hupona upesi." Zikafuata amina kutoka Muscat, Morogoro na Mombasa, na shangazi mmoja akaongeza picha ya mawaridi yanayometameta. Barua ilisema, kwa kifupi, kwamba mwanawe amepimwa, makuzi yake yanalingana na umri wake, na kwa hiyo hastahili huduma za mapema, zile za kuwasaidia watoto wachanga wenye shida za makuzi.

Mimi sikuandika amina. Kazi yangu ni ukalimani, hapa Houston, Texas, na nimekaa kwenye mazulia ya watu wengi wakati watoto wao wakipimwa kwa vipimo hivyo hivyo. Nilijua barua ile inasema kweli. Nilijua pia kwamba imejibu swali moja tu, na mtoto mwenye jeraha la ubongo ana maswali mawili.

Mpwa wangu alianguka akiwa na miezi 11. Dada alikuwa akipandisha mifuko ya vyakula kutoka kwenye gari, mlango ukabaki wazi kidogo, na mtoto, ambaye ndiyo kwanza alikuwa ameonja raha ya kutambaa, akazifuata zile ngazi za zege za nje zilizojaa kwenye maghorofa ya kupanga ya huku. Alilia, akanyamaza, akatapika. Kule kunyamaza ndiko kulikotutisha. Hospitali wakampa alama 12 kwenye kipimo cha fahamu cha Glasgow, kinachoanzia 3 hadi 15. Kuanzia 13 jeraha huhesabiwa jepesi, 8 kushuka chini ni kali, katikati hapo ni la wastani. Picha ya CT ikaonyesha ufa kwenye fuvu, damu iliyovujia ndani, na mchubuko kwenye sehemu ya mbele ya ubongo. Usiku uliofuata akashikwa na degedege. Halafu, ghafla tu, akaanza kunyonya, akaanza kucheka, na wauguzi wakawa wanaitana kuja kumwona.

Alipotoka, Dada alipewa bahasha ya karatasi. Zilieleza dawa, zikaeleza dalili za kumrudisha haraka, zikaeleza lini aonekane tena kliniki. Huduma za mapema hazikutajwa popote. Jina lake lilipelekwa huko baadaye na kliniki ya watoto, kwa fomu ambayo kwenye nafasi ya sababu mtu aliandika neno moja, "makuzi". Ufa haukuandikwa, wala damu, wala degedege. Naitaja fomu hiyo kwa sababu mambo mengi yaliyofuata yalitokana na uchoyo wake wa maneno.

Kwa wasomaji walioko nyumbani, na hata walioko huku ambao hawajawahi kupita njia hii, nieleze kidogo. Marekani ina sheria ya elimu ya watoto wenye ulemavu iliyopitishwa 1975, ambayo tangu 1990 inajulikana kama IDEA. Mwanzoni iliwahusu wanafunzi. Mwaka 1986 Bunge likaongeza sehemu ya watoto wachanga, kuanzia wanapozaliwa hadi wanapotimiza miaka 3, na leo sehemu hiyo inaitwa Sehemu C. Serikali kuu hutoa fedha na masharti. Kila jimbo huendesha programu yake kwa jina lake na, hapa ndipo penye kazi, kwa vigezo vyake. Texas wanaiita ECI. Mtaalamu anakuja nyumbani, anafanya kazi na mtoto na wazazi palepale wanapolala na kula. Tathmini ni bure kwa kila mtu, awe na pesa asiwe nazo, ingawa majimbo mengine, Texas likiwamo, huweza kuomba mchango kulingana na kipato kwa baadhi ya huduma zinazofuata.

Sheria imeweka milango mitatu. Wa kwanza ni wa mtoto ambaye tayari amechelewa katika eneo moja au zaidi kati ya matano: kufikiri, mwili (kuona na kusikia humo humo), mawasiliano, hisia na kuhusiana na watu, na kujihudumia kama vile kula na kuvaa. Wa pili ni wa mtoto aliyekwisha kutambuliwa na daktari kuwa na hali yenye uwezekano mkubwa wa kuleta kuchelewa, hata kama leo hajachelewa kwa lolote. Wa tatu ni wa watoto walio hatarini kwa sababu nyingine, nao jimbo linaruhusiwa kuufungua au kuufunga, mengi yameufunga.

Sisi tulipelekwa mlango wa kwanza, tukapimwa, tukarudishwa.

Texas hutaka mtoto awe amechelewa kwa angalau asilimia 25 katika eneo moja, na kama tatizo liko kwenye kuongea peke yake, asilimia 33. New York wana hesabu nyingine: theluthi ya umri katika eneo moja, au robo katika maeneo mawili, au miezi 12 kamili, au alama zilizoshuka chini sana ya wastani. Mtoto mmoja, jeraha moja, na akihamishwa jimbo jibu linaweza kugeuka. Kwa nchi yenye majimbo 50 sishangai. Kilichonishangaza ni hesabu yenyewe nilipokaa chini na kalamu.

Mpwa wangu alipimwa akiwa na miezi 14. Robo ya miezi 14 ni mitatu na nusu, kwa hiyo ili astahili ilibidi aonekane kama mtoto wa miezi kumi na nusu. Sasa chukua mfano mbaya kuliko wote. Tuseme siku ile ya ngazi makuzi yake yalisimama kabisa, asijifunze kitu kipya hata kimoja. Miezi 3 baadaye wangemkuta palepale alipoangukia, miezi 11. Amechelewa miezi 3 kati ya 14, yaani asilimia 21. Hastahili! Mtoto ambaye ubongo wake umeacha kabisa kusonga mbele angerudishwa na barua ileile ya pongezi, na angelazimika kungoja mpaka karibu miezi 15 ndipo robo itimie. Kwa mizani ya theluthi angengoja mpaka miezi 16 na nusu. Kipimo kinachohesabu asilimia ya umri kilitungwa kikimfikiria mtoto anayebaki nyuma polepole tangu kuzaliwa. Aliyekuwa sawa hadi jana, akaumia leo, anaanza na akiba ya miezi yote aliyoishi vizuri, na akiba hiyo ndiyo inayomnyima huduma.

Na mpwa wangu hakusimama. Alisonga, alitembea kwa kushika kiti, alipanga vibao viwili. Ndiyo maana alifaulu bila ubishi.

Mama aliposema mtoto mdogo hupona upesi hakuwa anabuni. Wazo hilo lina ukoo hata kwenye sayansi. Miaka ya 1930 Margaret Kennard, aliyekuwa akifanya utafiti Chuo Kikuu cha Yale, aliwajeruhi tumbili kwenye sehemu za ubongo zinazoongoza mwendo, akaona waliofanyiwa wakiwa wachanga walirudi kutembea vizuri kuliko wakubwa. Wazo likasafiri mbali kuliko majaribio yenyewe, mpaka likawa faraja ya kila wodi: ubongo wa mtoto ni laini, utajijenga. Kwa upande wa mwendo, mara nyingi ndivyo ilivyo. Lakini watafiti waliowafuata watoto kwa miaka mingi baada ya jeraha, Vicki Anderson na wenzake wa Melbourne wakiwa mstari wa mbele, walikuta picha nyingine kwenye kufikiri, umakini na tabia: palipo na jeraha zito, walioumia wakiwa wadogo zaidi mara nyingi ndio waliobaki na shida kubwa zaidi.

Sababu si ngumu kuielewa ukimfikiria mtu mzima kwanza. Fundi seremala akigongwa kichwa, unajua alikuwa fundi seremala; asipoweza tena kupima mbao, kila mtu anaona kilichopotea. Mtoto wa miezi 11 hajapewa bado vitu vyake. Sehemu ya mbele ya ubongo, ile iliyochubuka, huendelea kukomaa hadi mtu anapopita miaka 20. Kazi zake ni kusubiri zamu, kuacha jambo moja na kushika lingine, kupanga, kujizuia, kukumbuka maagizo matatu kwa wakati mmoja. Nani anamdai mtoto wa mwaka mmoja mambo hayo? Hakuna kipengele cha kipimo kinachoyauliza, na hakiwezi kuwapo. Kumpima uwezo huo akiwa na miezi 14 ni sawa na kwenda kuhesabu maembe kwenye mche uliochipua msimu huu, ukaandika kwamba mwembe hauna kasoro.

Madhara, yakija, huja kwa zamu. Usingizi na hasira huweza kuonekana mapema. Lugha hudai haki yake mtoto anapokaribia miaka 2 na 3. Umakini unajitokeza shuleni. Kupanga kazi na kuelewana na wenzake kunaweza kungoja mpaka darasa la tatu au la nne, wakati ambapo hakuna mwalimu anayejua habari za ngazi, na mtoto anaitwa mvivu. Wapo pia ambao hayawapati kabisa, na huyu wetu anaweza kuwa mmoja wao. Ndiyo maana swali la mlango wa pili limewekwa vizuri: linauliza uwezekano, halidai uhakika.

Nirudi nyumbani kwa Dada, siku ya kupimwa. Nilikuwa nimeketi kwenye kochi kama mjomba, sikwenda kukalimani; Kiingereza cha Dada hakihitaji msaada wangu, na hata kama kingehitaji, mkalimani hatakiwi kumkalimania ndugu yake. Walikuja wawili na sanduku la vitu: vibao, kikombe, kitabu cha kurasa ngumu, mdoli, kengele. Mmoja anacheza na mtoto zuliani, mwingine anauliza mzazi na kuandika. Ni watu wapole, wanajua kazi yao, na mtoto aliwapenda mara moja.

Tangu alfajiri Dada alikuwa amedeki sakafu mara mbili. Mtoto amevalishwa shati la Idi. Jikoni panatoka harufu ya mahamri ya kukirimu wageni, nao wageni kwa kanuni za kazi yao hawakula. Na kila swali lililoulizwa Dada alilijibu kwa heri.

"Analala vizuri?"

"Analala, namshukuru Mungu."

Mtoto alikuwa akiamka usiku mara nne, mara tano, akipiga kelele kama anayechomwa.

"Anasema neno lolote lenye maana?"

"Anasema Baba."

Alikuwa akisema, kabla ya ngazi. Siku hizi shemeji akiingia mtoto anamtazama tu, halafu anarudi kwenye kichezeo chake.

"Akicheza anachoka haraka?"

"Hapana, mchangamfu sana huyu."

Ukicheza naye dakika ishirini anazimika, macho yanakuwa hayapo, na usipomlaza anajigonga kichwa sakafuni. Siku ile tathmini ilimalizika kabla hajafika hapo. Kipimo cha asubuhi moja hakiwezi kupima mtoto anabaki na nguvu kiasi gani jioni, na kwa ubongo ulioumia uchovu ni nusu ya habari.

Wageni walipoondoka nilimuuliza. Alikuwa akikunja ile shati.

"Ulitaka niwaambie nini?" akasema. "Wamchukue?"

Hapo ndipo nilipoelewa. Kule hospitali, kama ilivyo kawaida mtoto wa chini ya mwaka anapofikishwa na ufa wa fuvu, waliita ofisa wa ustawi wa jamii. Waliulizwa mmoja mmoja, Dada peke yake, shemeji peke yake. Nani alikuwa nyumbani? Mlango ulikuwaje? Mtoto amewahi kuumia tena? Zilipigwa picha hata zile ngazi. Naelewa kwa nini: majeraha ya kichwa ya watoto wadogo kabisa, mengine hutokana na kutikiswa au kupigwa, na daktari asiyeuliza anaweza kumrudisha mtoto kwa anayemuumiza. Faili lilifungwa, ikaandikwa ajali. Lakini kwa Dada lile jina ambalo kila mhamiaji hapa analitamka kwa sauti ya chini, CPS, idara ya serikali ya kulinda watoto dhidi ya ukatili, lilikuwa limeshaingia nyumbani. Miezi michache baadaye wanapiga simu watu wa serikali, wanaomba kuja kumwona mtoto, wanataka kujua analala vipi na anakula nini. Kwake yeye walikuwa walewale, wamebadilisha mashati tu.

Nimeona hofu hii kwenye nyumba nyingi kuliko ninavyoweza kusema, na kiapo cha kazi hakiniruhusu kusimulia ya yeyote. Niseme la jumla tu. Kwetu anayeulizwa hali hutanguliza njema. Hata aliyefiwa huanza na salama, ndipo aseme "ila". Mgeni mwenye fomu huandika ile salama na kufunua ukurasa kabla ya "ila" kufika. Mkalimani haruhusiwi kuongeza lake. Ninachoweza ni kutoharakisha, na kukaa kimya sekunde mbili tatu baada ya jibu la kwanza. Mara nyingi ile "ila" inakuja. Mama aliyetoka kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, akapita vituo vya uhamiaji na mahojiano yasiyohesabika ambako kila jibu lilikuwa na bei, hatakuambia udhaifu wa mwanawe kwa sababu umekuja na vibao vya rangi.

Kwa hiyo jioni ile nilimweleza Dada kama ninavyowaeleza wengine nikiwa nje ya kazi. ECI si CPS. Hawaingii bila saini yako. Unaweza kukubali huduma moja na kukataa nyingine, unaweza kuwaambia wasirudi, na hakuna adhabu. Sikumdanganya kwamba hawana macho: Texas kila mtu, hata jirani, anawajibika kisheria kuripoti akishuku mtoto anateswa. Lakini kutolala usiku na kusahau neno si kosa la mzazi, na kwa mtoto aliyeumia kichwa ndizo dalili wanazotafuta.

Kuna jambo kwenye sheria ambalo kila nikilifikiria linanikera. Tangu 2003 sheria ya kuzuia ukatili kwa watoto inataka kila mtoto wa chini ya miaka 3 ambaye imethibitika aliteswa au kutelekezwa apelekwe kwenye huduma za mapema. Ni sharti jema. Kwa wengine kanuni za Sehemu C za 2011 zinasema hospitali, kliniki na wote wanaomhudumia mtoto wampeleke haraka, isizidi siku 7 tangu hitaji lake lionekane. Tofauti ni kwamba wa kwanza ana faili linalomsukuma. Aliyeanguka kwa ajali halisi, na wazazi wake wakaonekana watu wema, anategemea kama muuguzi wa zamu ya kumruhusu atakumbuka. Kwetu hakukumbuka.

Barua ilipokuja, siku chache baadaye, tulikuwa tumeshajua la kufanya, ingawa Dada alihitaji kwanza kumaliza kufurahi. Nilimwacha afurahi. Kisha tukaanza na makaratasi. Alisaini fomu ya kuomba kumbukumbu za hospitali, na hapo nashauri mtu asiombe "majibu" kwa jumla. Aombe muhtasari wa kuruhusiwa, ripoti iliyoandikwa ya CT, na orodha ya utambuzi pamoja na misimbo yake, yaani alama ambazo hospitali huupa kila ugonjwa au jeraha. Picha yenyewe ya CT, ile ya kwenye diski, haimsaidii ofisa wa ECI. Daktari wa mishipa ya fahamu akaandika barua fupi ambayo thamani yake yote ilikuwa kwenye sentensi moja: kwamba jeraha la aina hii, mahali hapa, kwa umri huu, lina uwezekano mkubwa wa kuleta kuchelewa kwa makuzi. Hayo ni maneno ya sheria yenyewe. Barua inayosema "mgonjwa anaendelea vizuri, afuatiliwe" ni ya kweli pia, na haifungui mlango wowote.

Ukiisoma kanuni ya shirikisho utakuta imetaja mifano ya hali za mlango wa pili: kasoro za kromosomu, matatizo ya kuona na kusikia, maambukizi ya tangu tumboni, madhara ya pombe mama akiwa mjamzito, na matatizo ya ukuaji wa mfumo wa fahamu. Jeraha la ubongo halimo kwa jina. Hiyo ni mifano, haikusudiwi kuwa mwisho wa orodha, na majimbo huandika orodha zao, mengine yakilitaja waziwazi. Mzazi aulize orodha ya jimbo lake, asitosheke na ya mwingine.

Kuna pia kifungu ambacho nimekuta hata baadhi ya wanaopima hawakitumii. Timu inatakiwa kutumia maoni yake ya kitaalamu hata pale alama za kipimo hazimpitishi mtoto, na maoni hayo peke yake yanatosha kumfanya astahili. Kinyume chake ni marufuku: alama zikimpitisha, maoni hayawezi kutumika kumtoa. Mwenye kutunga kifungu hicho alijua mtoto si namba. Ila maoni yanahitaji kulishwa. Dada akaanza kuandika kila usiku saa alizoamka mtoto, na shemeji akarekodi kwa simu jinsi mchezo unavyoanza na jinsi unavyoisha. Hiyo video ya sekunde chache, macho yakitoweka, ilisema kuliko sote.

Maombi mapya yakaandikwa, safari hii sababu ikajaza mistari. Sheria inatoa siku 45 tangu mtoto anapopelekwa mpaka tathmini na mkutano wa kwanza wa kupanga huduma. Kama wangekataa tena tulikuwa na haki ya usuluhishi, ya kulalamika jimboni na ya kusikilizwa rasmi. Hatukufika huko. Waliipokea ripoti, wakaiangalia misimbo, na mtoto akaingia kwa mlango wa utambuzi, bila asilimia kuzungumzwa.

Hapa nichepuke kidogo, kwa sababu wenzangu wa Kenya na Tanzania huniuliza kama vipimo hivi vingefaa nyumbani. Vilivyo, hapana, si vyote. Kijiko: mtoto wa Houston hutarajiwa kujilisha mapema huku akichafua nyumba nzima, kwetu mama au bibi anamlisha kwa mkono mpaka ashibe, na alama ya kujihudumia inashuka kwa sababu ya malezi, ubongo hauhusiki. Kilifi walilitambua hilo zamani. Profesa Amina Abubakar na wenzake walitengeneza kipimo kwa watoto wa miezi 6 hadi 35 wa eneo lile, kikaangalia mwendo na kazi za mkono na jicho kwa vitu ambavyo watoto hao wanavijua. Na pwani ile ubongo wa mtoto una adui mwingine kando ya ngazi na bodaboda: malaria inayopanda kichwani, ambayo huweza kumwacha mtoto akitembea na kucheka huku lugha au kumbukumbu imeguswa. Tatizo ni lilelile la mpwa wangu, la kupona kunakoonekana na madhara yasiyoonekana.

Huduma zenyewe hazina maajabu, na huenda ndiyo maana zinafaa. Mtaalamu anakuja, anakaa jikoni, anatazama. Mpango wa familia uliandikwa kwa malengo tuliyoyataja wenyewe. La kwanza la Dada lilikuwa usingizi. Michezo ikakatwa iwe mifupi, mtoto akapumzishwa kabla hajazimika, taa na kelele zikapunguzwa jioni. Mtaalamu wa lugha alituambia tuendelee na Kiswahili chetu kwa nguvu, kwani lugha mbili hazimcheleweshi mtoto, na sheria inataka apimwe kwa lugha anayoishi nayo. "Baba" ilirudi. Ilirudi kama "Babu", shemeji akaipokea hivyo hivyo.

Sasa ana miaka 2 na miezi kadhaa, na Sehemu C itamuaga siku atakapotimiza 3. Mkutano wa kumhamishia wilaya ya shule lazima ufanyike angalau siku 90 kabla. Huko ni Sehemu B, ile ya wanafunzi kwenye sheria hiyohiyo, na Sehemu B hutaka jina la kundi la ulemavu. Jeraha la ubongo ni kundi rasmi tangu 1990: liwe limetokana na nguvu ya nje, si la kuzaliwa nalo wala la kuumia wakati wa kuzaliwa, na liwe linaathiri kujifunza. Kwa hiyo yule wa malaria, au wa homa ya uti wa mgongo, angetafutiwa kundi jingine, ingawa ubongo haujali uliumizwa na nini. Liko pia kundi laini zaidi, la kuchelewa kwa makuzi, ambalo majimbo yanaruhusiwa kulitumia kwa watoto wa miaka 3 hadi 9.

Dada anataka hilo laini. Anasema neno "ubongo" likishaandikwa kwenye faili la shule, kila mwalimu atamwona mtoto kwa jicho hilo kabla hajafungua mdomo, na watoto wa kwetu hapa tayari wanaangaliwa kwa macho ya kutosha. Mimi nataka liandikwe jeraha, kwa sababu kundi laini huisha kwa umri, pengine pale hasa matatizo ya sehemu ya mbele yanapoanza kujitokeza, nasi tutakuwa tunaanza upya kueleza habari za ngazi kwa watu wasiotujua. Shemeji yuko upande wangu akiwa nami na upande wa mkewe akiwa naye. Mama, kwa simu, ameuliza kwa nini mtoto anayekimbia uwanja mzima anahitaji kundi lolote. Mkutano ni mwezi ujao, na bado tunabishana.